Kompresa mpya, gesi mpya, na bado AC inakata kwenye foleni

Swali: Mtaalamu, naomba unisaidie kabla sijaendelea kutoa hela. AC ya gari langu ilianza kupoteza baridi. Fundi akasema gesi imeisha, akajaza. Baada ya wiki mbili hali ikarudi kule kule. Akajaza tena, ikadumu siku kumi hivi, halafu kompresa ikaanza kusaga na mwishowe ikakwama. Nikanunua kompresa nyingine, ikafungwa, gesi ikajazwa upya. Sasa nikiwa kwenye mwendo inapoza vizuri, ila nikisimama kwenye foleni dakika tano tu hewa inakuwa vuguvugu, na hiyo kompresa mpya inatoa mlio kama kuna kitu kinagonga ndani. Fundi anasema gesi bado haitoshi, aongeze. Fundi mwingine anasema nimeuziwa kompresa mbovu. Nimwamini nani?

Jibu: Pole kwa usumbufu na kwa hela iliyokwisha kwenda. Ukiyapanga maelezo yako utaona yana mambo matatu: gesi iliyokuwa ikipungua kila baada ya wiki mbili, kompresa iliyokufa, na hili la sasa la kupoza barabarani na kukata kwenye foleni. Mafundi wako wanabishana juu ya hilo la tatu peke yake, na katika yote uliyoandika hakuna mahali ambapo mmoja wao ameweka geji, yaani vipimo vya presha ya gesi. Basi usimwamini yeyote mpaka apime, na hadi hapo isiongezwe gesi hata gramu moja.

Tuanze na hayo maneno ya "gesi imeisha", maana ndipo safari yako ilipoanza kupotea. Gesi ya AC si petroli. Haiungui wala hailiki. Inazunguka ile ile ndani ya mabomba yaliyofungwa, na iliyowekwa kiwandani inaweza kufanya kazi miaka mingi. Ni kweli kuna kiasi kidogo kinachopenya kwenye mipira na kwenye sili ya shafti ya kompresa, gramu chache kwa mwaka, ndiyo maana gari lenye umri mkubwa linaweza kuhitaji nyongeza kidogo bila kuwa na kasoro yoyote. Lakini gari dogo hubeba gramu 400 hadi 600 tu kwa jumla. Likipoteza sehemu kubwa ya hizo ndani ya siku 14, lina tundu, na tundu hilo linaonekana likitafutwa. Aliyejaza bila kulitafuta hakukutengenezea gari, alikukopesha baridi ya wiki mbili.

Ubaya wa mkopo huo ni kwamba riba yake ililipwa na kompresa. Kompresa ya AC haina tangi lake la oili kama injini. Oili husafiri pamoja na gesi mfumo mzima na kurudi. Gesi inapotoka kwenye tundu hubeba oili, na ndiyo sababu mahali panapovuja huwa na vumbi lililogandamana na mafuta. Ukijaza gesi mara mbili tatu bila kurudisha oili, kompresa inabaki inasaga chuma kwa chuma. Isitoshe, gesi ikiwa pungufu mzunguko wake unakuwa dhaifu, na hata ile oili iliyobaki hairudi vizuri. Kwa hiyo ninachotaka kujua kabla ya yote ni hiki: lile tundu la mwanzo lilipatikana? Kama halikupatikana, kompresa mpya inaelekea kule kule ilikoishia ya zamani, hata kama leo inafanya kazi.

Sasa hili la foleni. Ili uweze kuzungumza na fundi na kumwelewa, inafaa ujue baridi inatoka wapi. Kompresa inaikandamiza gesi hadi inakuwa ya moto sana na yenye presha kubwa. Gesi hiyo inapita kwenye kondensa, ile kama rejeta nyembamba inayokaa mbele ya rejeta yenyewe, na hapo inatoa joto lake kwa hewa ya nje mpaka inageuka kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye draya inayonyonya unyevu, kisha kwenye valvu yenye tundu dogo sana inayoshusha presha ghafla. Baada ya hapo kinaingia evaporeta, iliyo ndani ya dashibodi, kinachemka kwa ubaridi, na kwa kuchemka huko kinanyonya joto la hewa unayopuliziwa usoni. R-134a, aina ya gesi iliyo kwenye magari mengi, ikiwa kwenye presha ya PSI 30 (PSI ni kipimo cha presha, kama cha matairi) inachemka kwenye nyuzi 1 au 2 hivi za Selsiasi. Ikiwa kwenye PSI 200 inageuka kimiminika kwenye nyuzi 54 hivi. Namba hizo mbili zinaeleza karibu kila kitu: evaporeta lazima iwe baridi kuliko hewa ya ndani, na kondensa lazima iwe na moto kuliko hewa ya nje, la sivyo joto halihami.

Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaipiga kondensa bure. Likisimama, kazi hiyo yote inabebwa na feni. Feni ikishindwa, au kondensa ikiwa imejaa kitu kisichostahili kuwemo, joto halitoki, presha ya upande wa juu (wenye presha kubwa, kutoka kompresa hadi valvu) inapanda kutoka PSI 200 kwenda 300 na zaidi, na upande wa chini (wenye presha ndogo, kutoka valvu kurudi kompresa) nao unapanda. Upande wa chini ukifika PSI 50, gesi ndani ya evaporeta inachemka kwenye nyuzi 12 badala ya 1, na hiyo ndiyo hewa ya vuguvugu unayoisikia. Presha ikiendelea kupanda, kwa magari mengi ikikaribia PSI 450, swichi ya usalama inaikata kompresa kabisa.

Nikiri jambo moja kwa ajili ya haki ya fundi wako wa kwanza: gesi pungufu nayo huweza kupoza barabarani na kulegea kwenye foleni, kwa kuwa injini ikizunguka polepole kompresa husukuma kidogo. Kwa dalili hiyo peke yake hawezi kulaumiwa kwa kuiwaza. Tatizo ni kwamba dalili moja ina sababu zinazopingana, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Geji ndizo zinazoamua. Injini ikiwa inazunguka kiasi cha mizunguko 1,500 kwa dakika, AC kwenye baridi ya mwisho, milango wazi, hewa ya nje nyuzi 30 hivi, mfumo wa R-134a usio na kasoro huonyesha takriban PSI 25 hadi 45 upande wa chini na 180 hadi 230 upande wa juu. Pande zote mbili zikiwa chini ya hapo, gesi ni pungufu. Pande zote mbili zikiwa juu, joto halitoki mbele: feni, uchafu, gesi iliyozidi au hewa iliyoingia. Upande wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, mfano 65 kwa 130, kompresa haisukumi, na hapo huyo fundi wa pili atakuwa na hoja. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo ilipaswa kutangulia maneno yote. Kwa sababu kwako inakata gari likisimama, geji ziachwe zimefungwa, kisha injini irudishwe kwenye mzunguko wake wa kawaida ili fundi aone sindano zinavyokwenda dakika ile hewa inapobadilika.

Kabla hujaenda popote, kuna vipimo viwili unaweza kuvifanya mwenyewe bila kufungua kitu. Washa injini na AC, fungua boneti, tazama feni za mbele. Kwenye magari mengi feni inapaswa kuanza mara moja au ndani ya sekunde chache AC inapowashwa, bila kusubiri injini ipate moto. Weka mikono na nguo mbali, kwa kuwa inaweza kuanza ghafla. Kama ziko mbili, hakikisha zote zinafanya kazi inavyotakiwa. Halafu chukua karatasi ya kawaida ya kuandikia, ipeleke mbele ya kondensa kupitia grili: upepo unapaswa kuivuta ikabandika hapo. Ikianguka, feni ni dhaifu. Ikisukumwa kuja kwako, feni inazunguka kinyume, kosa linalotokea hasa baada ya matengenezo, waya mbili za mota zinapounganishwa zikiwa zimebadilishana. Utaiona feni inazunguka na utaamini iko sawa, kumbe inapigana na upepo wa barabarani. Angalia pia kama zile plastiki na sponji za pembeni, zinazozuia hewa ya moto ya injini isirudi mbele, zilirudishwa baada ya kompresa kufungwa. Mafundi wengi huziona pambo na kuziacha chini, na gari likisimama kondensa huvuta hewa ile ile iliyokwisha kupashwa moto na rejeta.

Kipimo cha pili ni maji. AC ikiwa imeshakata ubaridi, mtu akae ndani na mkono kwenye tundu la hewa, wewe nyunyizia kondensa maji safi kwa mbele, taratibu kama unamwagilia mche, bila kuelekeza kwenye waya wala kwenye injini. Baridi ikirudi ndani ya dakika moja, kompresa yako inasukuma na gesi ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni njia ya joto kutoka. Isiporudi kabisa, uzito unahamia kwenye kompresa, valvu au gesi pungufu.

Tuseme maji yameirudisha baridi na feni ziko sawa. Hapo ninashuku kwanza kwamba gesi imezidi. Kila gari lina kibandiko chini ya boneti au karibu na rejeta kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, kwa mfano R-134a, gramu 450, na nafasi ya kukosea ni gramu 20 au 30 tu. Makopo mengi yanayouzwa yana gramu 340 hivi. Fundi akimaliza makopo mawili ameweka 680, yaani amezidisha kwa nusu nzima. Ile ziada inakaa kwenye kondensa ikiwa kimiminika na kuziba sehemu ambayo ingetumika kutolea joto. Barabarani upepo unaficha kosa. Kwenye foleni linajitokeza. Na kimiminika hicho kikizidi sana kinaweza kurudi hadi kwenye kompresa, ambayo imeumbwa kukandamiza gesi na haiwezi kukandamiza kimiminika. Mlio wake ndio huo unaoueleza, wa kitu kinachogonga ndani.

Hapa kuna dhana mbili nataka uziache. Ya kwanza ni kujaza kwa kutazama kile kioo kidogo cha mabomba hadi mapovu yaishe. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni kioo hakipo, na kilipokuwepo hakisemi gramu. Ya pili ni kufunga geji gari likiwa limezimwa na kutangaza kwamba gesi ipo ya kutosha. Gari lililopoa kwa saa kadhaa lina presha moja pande zote, na presha hiyo inafuata joto la hewa peke yake: karibu PSI 68 kwenye nyuzi 20, 82 kwenye nyuzi 25, 97 kwenye nyuzi 30. Mradi kuna kimiminika kidogo ndani, iwe gramu 150 au 600, geji itasoma namba ile ile. Kiasi hujulikana kwa mizani tu.

Ila kipimo hicho cha gari lililozimwa kina kazi nyingine nzuri sana: kinafichua hewa. Kama hewa ya nje ni nyuzi 30 na geji zinasoma 115 badala ya 97, ndani mna kitu kisichokuwa R-134a, ama hewa ya kawaida au gesi ya aina nyingine iliyochanganywa. Hewa haigeuki kimiminika. Inajikusanya kwenye kondensa na kuchukua nafasi, na dalili zake zinafanana na za gesi kuzidi. Inaingia pale fundi anapofunga kompresa na kujaza gesi bila kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyo ndani ya mabomba kwa pampu, au akivuta kwa dakika tano ili mteja asichelewe. Na unyevu ulioingia pamoja nayo una shida yake: unaganda kwenye tundu la valvu, AC inapoza dakika 15 au 20 kisha inakata, ukizima ikapumzika inarudi. Taratibu unyevu huo unatengeneza asidi inayokula chuma.

Ninachokiogopa zaidi kwenye gari lako kuliko vyote hivyo ni vumbi la chuma. Umesema kompresa ya zamani ilisaga hadi ikakwama. Chuma kilichosagika hakikubaki ndani yake, kilisukumwa mbele, na kituo chake cha kwanza ni kondensa. Kondensa za sasa zina njia nyembamba kama sindano, nyingi, zilizopangwa sambamba. Ukipitisha dawa ya kusafishia, inapita kwenye njia zilizo wazi na kuziacha zilizoziba zikiwa zimeziba. Mabomba na evaporeta vinaweza kusafishwa. Kondensa ya aina hii, kompresa ikiwa imesagika, inabadilishwa, pamoja na draya na valvu. Najua ni gharama ambayo hakuna anayetaka kuisikia baada ya kununua kompresa, lakini kompresa mpya iliyofungwa kwenye mabomba machafu inameza chuma kile kile. Ushahidi ni rahisi kuupata. Gesi ikishatolewa, fundi afungue bomba linaloingia kondensa na apitishe kitambaa cheupe ndani: oili safi huacha doa la rangi ya njano hafifu au kijani, iliyochafuka huacha weusi unaometa kama risasi ya penseli. Dalili nyingine, AC ikiwa inafanya kazi, kipimajoto cha miale kikipitishwa juu ya kondensa kitaonyesha joto likishuka taratibu kutoka inakoingia gesi hadi inakotokea. Mkisoma nyuzi 55 na sentimita chache pembeni 35 ghafla, kipande hicho hakipitishi.

Kwa hiyo kazi ninayokushauri uiombe ni hii, na uiombe kwa maneno haya haya. Gesi yote ivutwe kwa mashine na ipimwe uzito ilipotoka. Hiyo namba peke yake itamaliza ubishi: ikitoka gramu 650 kwenye gari la 450, fundi aliyetaka kuongeza amejibiwa, ikitoka 200, basi gesi ilikuwa pungufu kweli na lile tundu liko hai. Mashine ikiwa na kitambuzi cha aina ya gesi, ni bora zaidi kitumike kabla ya kuvuta. Kisha mfumo ufunguliwe, kitambaa kipite, na kama ni cheusi, kondensa na valvu vibadilishwe. Draya ibadilishwe kwa vyovyote, kwa kuwa ikishakaa wazi inanyonya unyevu wa hewa na haina kazi tena. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia mvujo, ziwekwe mpya kwenye viungo vyote vilivyofunguliwa, za mpira unaokubaliana na R-134a, zikiwa zimepakwa oili ile ile ya AC.

Oili ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Gari dogo huwa na mililita 100 hadi 150 hivi mfumo mzima. Kompresa nyingine huuzwa zikiwa zimejazwa kiasi cha mfumo wote, nyingine kavu kabisa, na iliyokwishatumika haijulikani ina nini. Lazima imiminwe kwenye chombo chenye alama, ipimwe, kisha kirudishwe kiasi kinachoandikwa na mtengenezaji. Kwa sababu oili ya gari lako ilikuwa ikivuja na mabomba yanasafishwa, hesabu ianze upya kwa kiasi kamili. Ikipungua, kompresa inakufa. Ikizidi, inatanda kwenye kuta za evaporeta na kondensa kama blanketi na baridi inapungua, na watu wanadhani ni gesi. Aina nayo isomwe kwenye kibandiko cha kompresa. Oili za AC za aina ya PAG 46 na PAG 100 zina wepesi tofauti wa kumiminika na hazibadilishani ovyo. Ikiwa gari lako ni la mseto au la umeme, kompresa inayoendeshwa na umeme inataka oili ya esta iliyotajwa kwa ajili yake tu. PAG kidogo tu inayobaki kwenye mpira wa geji inaweza kupunguza uwezo wa oili kuzuia umeme, gari likajizima kwa usalama. Waya za rangi ya machungwa kwenye mfumo huo zina umeme wa kuua. Apewe fundi mwenye mafunzo ya magari hayo, si mwingine.

Baada ya kufunga, tundu litafutwe kabla gesi haijaingia. Njia ninayoiamini ni naitrojeni kavu kwa PSI 150 hivi kupitia regulata, povu la sabuni kwenye kila kiungo, na geji ikiachwa nusu saa au zaidi ionekane kama inashuka. Asitumie upepo wa kujazia matairi, unaleta unyevu, na oksijeni asiisogeze kabisa: ikikutana na oili chini ya presha inalipuka. Sehemu za kutazamwa ni kondensa yenyewe inayopigwa na mawe, viungo vya alumini, mahali mpira unapobanwa kwenye bomba, uso wa mbele wa kompresa, na vile vizibo vidogo vya kujazia gesi. Vifuniko vyake vya plastiki si urembo, vina mpira ndani ambao ni sili ya pili, kikipotea, kinunuliwe. Ikiwa kote ni kukavu na presha bado inashuka, inabaki evaporeta, ambayo hugunduliwa kwa kitambuzi cha elektroniki kikiwekwa kwenye bomba la kumwagia maji au kwenye matundu ya hewa.

Ndipo ije vakyumu, dakika 30 kwa uchache, 45 au saa nzima kama mfumo ulikaa wazi, kisha valvu zifungwe na sindano itazamwe dakika 15 isisogee. Usikubali vakyumu ichukuliwe kuwa ndicho kipimo cha tundu. Inavuta kwa nguvu ya PSI 15 tu na kuelekea ndani, ambako oringi mbovu inaweza hata kujibana vizuri zaidi. Kazini oringi hiyo hiyo inasukumwa nje kwa PSI 200. Gesi ijazwe kwa mizani hadi gramu za kwenye kibandiko. Kama fundi anatumia kopo, valvu ya upande wa juu isifunguliwe kamwe kompresa ikiwa inazunguka, presha inarudi kwenye kopo na kulipasua. Mwisho, kipimajoto kiwekwe tundu la katikati, hewa ikizungushwa ndani, dakika kumi: siku ya nyuzi 30 utegemee 5 hadi 10, na ikae hapo gari likiwa limesimama. Hewa ikiwa na unyevu mwingi inaweza kuwa juu kidogo ya hapo bila kosa lolote.

Kuhusu ule mlio, usikilize unatokea lini. Ukiwepo hata AC ikiwa imezimwa, ni beringi ya puli au mkanda. Ukitokea AC ikiwashwa na kuzidi kwenye foleni, kama ninavyokuelewa, ni wa presha kubwa au kimiminika kinachorudi, na mara nyingi hupungua gesi ikirekebishwa mapema. Ukiwa wa kusaga mfululizo na unaongezeka siku hadi siku, kompresa imeshaumia. Klachi ya kompresa, inayoiunganisha na puli, kukamata na kuachia kila sekunde chache ni dalili ya gesi pungufu, hasa kama upande wa chini nao ni mdogo. Mlio mdogo wa "sss" wa dakika moja baada ya kuzima gari ni wa kawaida, presha za pande mbili zinasawazika.

Je, kompresa inaweza kuwa mbovu tangu dukani? Inaweza, hasa iliyokwishatumika ambayo matundu yake yaliachwa wazi bila vizibo. Lakini ubovu huo utaonekana kwenye geji kwa ule mfano wa 65 kwa 130. Zikisoma hivyo, muuzaji aonyeshwe picha ya geji zikiwa zimefungwa, na uwe na risiti ya draya na rekodi ya oili, kwa sababu swali lake la kwanza, na ana haki nalo, litakuwa kama mfumo ulisafishwa.

Utashauriwa pia njia za mkato. Dawa ya kuziba mivujo usiiweke: inaganda ikikutana na hewa au unyevu, huziba valvu na draya, na mashine nyingi za gereji zinakataa kuvuta gesi yenye dawa hiyo kwa kuwa inaziharibu. Gesi ya kupikia inapoza kweli, na ndiyo hatari yake. Evaporeta ikivuja unakaa ndani ya chumba chenye gesi inayolipuka. Magari mapya mengi yanatumia R-1234yf, ambayo haichanganywi na R-134a hata kidogo, kwa hiyo kibandiko kisomwe kabla ya kununua chochote. Na usilegeze kiungo mwenyewe ili "kupunguza kidogo". R-134a inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikirukia jicho inaligandisha, na ikiachiwa angani inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa.

Kama hela haitoshi kwa sasa, kuacha AC imezimwa ni uamuzi halali kabisa, na ni bora mara nyingi kuliko kuongeza gesi mara ya nne. Gari lenye kompresa ya klachi litatembea bila shida, ukikosa tu baridi na msaada wa kukausha kioo wakati wa mvua. Kwa kompresa zisizo na klachi, ambazo puli huzungusha shafti muda wote, usikae miezi bila gesi na oili ndani. Usiendeshe kabisa ikiwa puli inalia au inayumba AC ikiwa imezimwa, au ukisikia harufu ya mpira unaoungua: puli ikikwama inakata mkanda, na mkanda huo kwenye magari mengi ndio unaozungusha altaneta na pampu ya maji.

Leo jioni fanya kile kipimo cha karatasi na cha maji, andika ulichokiona, na uzime AC mpaka gesi ipimwe uzito. Kibandiko cha chini ya boneti kipige picha kabisa, uende nayo kwa fundi.